Nyimbo Nane za Kavinya

Kavinya alikuja kibandani kwangu mara ya kwanza mwaka 2015, begi jeusi refu begani, akaniuliza kama nina ngozi ya mbuzi nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Mimi nashona viatu na mikoba hapa soko la Kariokor tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na ngozi nyembamba namna hiyo sijawahi kuulizwa na mtu. Haifai kwa kiatu wala kwa mshipi. Nikataka kujua ni ya kazi gani. Akafungua begi, akatoa saksafoni.

"Vifuniko vyake vinavuja," akasema. "Chini ya kila kifuniko kuna kipande cha ngozi kinachoziba tundu. Kikichakaa, pumzi inatoroka na chombo kinakohoa. Vipya vinaagizwa ng'ambo, na mimi nina harusi Jumamosi."

Nikamwambia aniachie kimoja nikitazame. Kilikuwa kiduara cha sufi kilichovishwa ngozi, hakizidi kitako cha kikombe cha kahawa. Nilikwangua ngozi ya mbuzi kwa kisu mpaka nikauona mwanga wa jua upande wa pili, nikakivisha upya. Siku ya pili alikipachika, akapuliza sauti moja ndefu. Safu yetu nzima ya mafundi iliacha kugonga nyundo.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi wake, na baadaye rafiki wa nyumba yake. Mke wangu Kibibi na yeye sasa wanaitana wifi, ingawa sisi ni watu wa mtaa wa Majengo tuliozaliwa katika Uislamu na yeye ni Mkamba wa kanisani.

Kavinya ni mzaliwa wa mtaa wa Jericho. Baba yake, mzee Muthama, alitoka Mwingi akiwa kijana na kupiga saksafoni katika bendi za hoteli za mjini miaka ile ambayo watu walicheza dansi wakiwa wamevaa tai. Alikuwa na wana watatu wa kiume na hakuna hata mmoja aliyetaka kile chombo. Binti alikitaka. Alimfundisha kwenye ngazi ya mlango, jioni baada ya shule, huku akina mama majirani wa ploti wakimwonya kwamba mashavu ya mtoto yatalegea na mume hatapatikana. Mume alipatikana katika bendi ya harusi ambayo Kavinya aliingia akiwa na miaka ishirini na minne. Anaitwa Munyao, dereva wa lori la mikate, mpiga besi asiyesema mengi. Wana binti mmoja, Ndindi, ambaye ni mwalimu huko Machakos.

Mchana, Kavinya ni karani wa masjala katika hospitali moja ya umma. Yeye ndiye anayejua faili la mgonjwa wa mwaka 1998 liko rafu gani. Mwisho wa juma alipiga muziki, na kwa miaka ishirini na minane aliupiga nyuma ya waimbaji. Utaratibu haukubadilika: mwimbaji anaimba, anarudi nyuma kunywa maji, Kavinya anasogea mbele kwa mizunguko miwili, kisha mwimbaji anarudi na Kavinya anaketi. Mizunguko miwili ni kama nusu dakika. Alikuwa na daftari lililojaa nyimbo alizozitunga mwenyewe, hazina maneno hata moja, na daftari hilo lilikaa kwenye droo ya ofisini chini ya fomu za rufaa.

Kiongozi wa bendi alikuwa mwimbaji aliyependa kuitwa Profesa. Mwaka juzi bendi ilitoa wimbo mpya ukapendwa sana. Ile sauti ya saksafoni inayoufungua wimbo, ambayo watoto walikuwa wakiipiga miluzi njiani, Kavinya ndiye aliyeitunga. Alipoangalia majina ya waliohusika, lake halikuwepo. Alimfuata Profesa, akamuuliza kwa heshima.

"Dada, watu wanafuata sauti ya mwimbaji," Profesa akamjibu. "Saksafoni ni chumvi. Nani anaandika chumvi kwenye jina la chakula?"

Kavinya hakugombana naye. Alikwenda nyumbani, akamkuta Munyao akipiga pasi shati la kazi.

"Nataka kurekodi albamu yangu," akamwambia. "Ya jazi. Haina mwimbaji."

Munyao aliizima pasi. "Unataka nani wa besi?"

"Sijafika huko."

"Basi ukifika, mimi nakuomba kazi, Mama Ndindi."

Kavinya alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Studio waliipata mtaa wa Fedha, katika chumba cha uani cha dada mmoja anayeitwa Carolyne. Alikuwa amefunika kuta kwa magodoro na mazulia, naye ana masikio ambayo sijapata kuyaona kwa binadamu mwingine. Fedha iko karibu na uwanja wa ndege, na Carolyne huisikia ndege kabla ya watu wengine. Huinua kidole, kila mtu hunyamaza, ndege hupita, kidole hushuka. Wa kinanda alikuwa Kahin, kijana wa Eastleigh aliyekuwa akipiga kwenye hoteli moja ya Westlands. Carolyne alipanga Jumamosi nne za mwezi wa Mei. Kavinya aliomba ruhusa kazini, akalitoa daftari lake kwenye droo.

Wiki tano kabla ya Jumamosi ya kwanza, mvua za Aprili zilikuwa zinavuja ndani ya masjala. Kavinya alikuwa akihamisha mafaili kutoka rafu ya juu ili yasilowe. Aliteleza kwenye ngazi akiwa ameyakumbatia, na kwa kuwa hakutaka kuyaachia, hakuwa na mkono wa kujikinga. Uso wake ulipiga ukingo wa meza ya chuma. Meno mawili ya mbele ya juu yalivunjika hadi kwenye fizi.

Mtu asiyepiga saksafoni anaweza kuona hilo ni jambo la sura tu. Lakini meno hayo mawili ndiyo yanayokishikilia kinywa cha chombo. Mpigaji huuma kwa juu, hukaza mdomo wa chini, na kutoka hapo ndipo sauti inapojengwa. Daktari wa meno aling'oa mizizi, na kidonda kilipotulia akamtengenezea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Kula aliweza. Kusema aliweza. Alipojaribu kupuliza, meno yale yalitetemeka na kuteleza juu ya plastiki ngumu, na sauti ikatoka kama bata aliyekanyagwa.

Alikuja Kariokor siku ya Jumanne, saa ambayo angepaswa kuwa kazini. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, begi mapajani.

"Chombo kina tatizo gani?" nikamuuliza.

"Chombo ni kizima, Kombo. Mimi ndiye niliyeharibika." Akanieleza yote, taratibu, akificha mdomo kwa kiganja. "Nimempigia Carolyne simu nimwambie aniondoe kwenye ratiba yake. Hakushika. Nikifika nyumbani nitampigia tena."

Nikamwomba hicho kinywa cha saksafoni. Nilikigeuzageuza. Juu yake palikuwa na vijishimo viwili ambavyo meno yake ya zamani yalivichimba kwa miaka ishirini na minane, na kando yake palikuwa na mikwaruzo mipya mingi, kila mmoja na njia yake.

"Meno haya mapya yanateleza kwa sababu ni kitu kigumu juu ya kitu kigumu," nikamwambia. "Kiatu chenye soli ya plastiki juu ya sakafu ya vigae kinafanya vivyo hivyo. Tunakiwekea mpira."

Akanitazama. "Unataka kunitia soli mdomoni?"

"Soli ndogo."

Alicheka, akiwa amesahau kuufunika mdomo. Nikamwomba asimpigie Carolyne simu kwa wiki moja.

Sisi wa Kariokor tunajua mpira. Makubazi ya tairi tunayafunga kwa vipande vya tyubu, kwa hiyo nilikuwa na kila aina. Nilichagua tyubu mpya ya baiskeli, nikaichemsha, nikaisugua, nikaichemsha tena. Gundi ya viatu sikuthubutu kuitumia, haiingii kinywani mwa mtu. Kavinya alirudi kwa daktari wa meno, akamweleza, na daktari akampa gundi yao kidogo isiyodhuru. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene, kikamlazimisha kupanua taya kama mtu anayepiga miayo. Cha pili nilikikwangua mno, kikachanika siku hiyohiyo. Cha tatu nilikifanyia kazi asubuhi nzima kwa kisu kilekile cha ngozi ya mbuzi, mpaka kikawa na unene wa karatasi nne hivi, nyuma kinene kidogo na mbele chembamba.

Alikiuma hapohapo kibandani. Akapuliza. Meno hayakuteleza.

Sauti haikuwa ya zamani, lazima niseme kweli. Ilikuwa dhaifu, na sauti za juu hakuzifikia. Lakini ilikuwa sauti ya saksafoni.

"Sasa hiyo nyingine ni kazi yangu," akasema.

Zilibaki wiki mbili na siku chache. Nyumba za Jericho zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mtu hawezi kupuliza sauti moja kwa saa mbili bila majirani kumjia. Munyao ndiye aliyepata dawa. Kila siku alimaliza kusambaza mikate saa nane mchana, lori likabaki tupu. Aliomba ruhusa kwa tajiri wake, akawa anaegesha kwenye uwanja karibu na hospitali. Kavinya akitoka kazini anaingia ndani ya sanduku lile la bati lenye harufu ya mkate, Munyao anaufunga mlango nusu, na mazoezi yanaanza. Sauti moja, ndefu, mpaka pumzi iishe. Kisha inayofuata. Mdomo ulivimba, fizi zilitoa damu siku za kwanza. Wapita njia walisimama kulishangaa lori linaloimba.

Siku ya tisa Munyao alikuwa ameketi kwenye usukani akisoma gazeti. Alishuka, akazunguka nyuma, akaufungua mlango wote.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni nini?"

"Hiyo sauti. Nimekusikia miaka ishirini na minane. Hiyo siijui."

Kwa kuwa hakuweza tena kubana kwa nguvu kama zamani, Kavinya alikuwa amejifunza kuiacha pumzi ifanye kazi. Sauti yake ilikuwa imeshuka kifuani. Ilikuwa nzito na pana, kama ya mtu anayekusimulia jambo kwa karibu. Zile za juu zilirudi pia, lakini hazikupiga kelele tena. Kavinya aliipuliza tena ili aisikie mwenyewe, kisha akakaa chini kwenye kreti, akalia kidogo, akaendelea.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda Fedha kwa sababu moja tu: kupeleka vipande vitatu vya akiba vya mpira. Nilikusudia kuvitoa na kurudi kibandani. Carolyne akaniambia niketi, mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka wimbo uishe.

Wimbo wa kwanza haukwenda. Kahin alikuwa na vidole vyepesi, na kila mahali palipokuwa na nafasi alipajaza. Baada ya mara ya nne Kavinya akaitua saksafoni.

"Kahin, mwanangu, unapiga vizuri sana. Lakini mimi nina pumzi moja na wewe una vidole kumi. Nikinyamaza si kwamba nimesahau. Navuta hewa. Niachie mahali pa kuvuta."

"Sawa, mathe. Nimekuskia," Kahin akasema, akakunja mikono kwapani kwa muda kana kwamba anaifunga. Mara ya tano alipiga nusu ya alichokuwa akipiga, na wimbo ukasimama wenyewe. Carolyne akainua dole gumba nyuma ya kioo cha kichumba chake cha mashine.

Wa pili ulitaka ngoma. Kavinya alikuwa ameuandika kwa mdundo wa wanawake wa Mwingi wanaochimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, kila mmoja na kibuyu chake, wakipokezana. Mpigaji ngoma waliyemtarajia hakufika. Kavinya akanigeukia.

"Kombo, wewe si hupiga tari?"

Ni kweli, napiga. Majengo hakuna maulidi wala harusi ya ukoo wetu ambayo sikushika tari. Nikamjibu kwamba midundo ya maulidi siwezi kuileta studio, hiyo ina mahali pake, lakini ya harusi ni ya watu wote. Nilimpigia Kibibi, akaniletea tari kwa pikipiki. Nilidhani nitapiga wimbo mmoja. Nimo katika sita.

Shida yenyewe ilitokea Jumamosi ya tatu, katika wimbo wa tano. Huo ndio aliokuwa ameuweka awe moyo wa albamu: sisi tunamtandikia chini, naye anatoka juu peke yake na kwenda anakotaka, muda anaotaka. Tulianza. Akaingia vizuri kabisa. Akazunguka mara mbili, akashusha saksafoni.

Tukaendelea, tukidhani anavuta pumzi. Hakurudi. Tukanyamaza.

"Mama Ndindi, mbona umewacha?" Sauti ya Carolyne ikatoka kwenye hedifoni.

"Samahani. Turudie."

Tukarudia. Mizunguko miwili, akaacha. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne aliendelea hatua chache za mzunguko wa tatu, kisha nikaona mabega yake yakirudi nyuma yenyewe, mguu ukitafuta kiti.

"Kuna kitu kinauma?" Munyao akamuuliza.

"Hakuna kinachouma." Alikuwa akiitazama saksafoni kama aliyepewa na mtu mwingine. "Hapo ndipo mwimbaji huingia. Nasubiri mtu aingie."

Nje ndege ilipita. Kwa mara ya kwanza Carolyne hakuinua kidole. Alitoka chumbani kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya katikati ya kazi, akaja akasimama mbele ya Kavinya.

"Mama, hii studio ni yangu na mlango nimeufunga mimi," akamwambia. "Hakuna mtu anakuja."

Kisha akaviondoa viti vyote vilivyokuwa karibu naye, akavipeleka uani, hata kile alichowekea begi. Akarudi kwenye mashine zake.

Mara ya tano Munyao alianza peke yake na besi. Nikaingia na tari, Kahin akaweka sauti mbili tatu na kuacha. Kavinya akaingia. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Mwishoni mwa wa pili nilimwona akifumba macho, mguu ukarudi nyuma, haukupata kiti, ukarudi mbele. Akaanza wa tatu.

Siwezi kuieleza kwa maneno safari aliyotupeleka. Alianza chini kabisa, mle alimojifunza ndani ya lori, akipanda kidogo na kushuka, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba yake mwenyewe na kukuta yote iko wazi. Kwenye mzunguko wa sita alipanda juu na hakushuka. Kahin alikuwa ameegemea kinanda, machozi yanamtoka huku anacheka. Mikono yangu ilipiga yenyewe. Munyao hakumwondolea mkewe macho hata mara moja. Ulipofika mwisho hakuna aliyeumaliza. Tuliishia sote pamoja, bila ishara, kama tuliokubaliana.

Dakika saba na sekunde arobaini. Mwishoni kabisa mtu akisikiliza kwa makini ataisikia ndege ikipita mbali. Carolyne alitaka turudie kwa sababu hiyo.

"Iache," Kavinya akasema. "Nayo ni ya Eastlands kama sisi."

"Mathe, hiyo imeweza," Kahin akasema. "Hiyo hairudiwi."

Nyimbo tatu zilizobaki zilikamilika Jumamosi ya nne kabla ya saa saba. Baada ya ule wa tano hapakuwa na kizuizi.

Albamu ilitoka Agosti, na waliizindua Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa. Kavinya aliomba viti mia moja na hamsini, akihofu kwamba vitabaki vitupu na aibu itampata mbele ya wenzake wa kanisani. Kufikia saa tisa tulikuwa tumevitoa nje viti vyote ili watu wapate mahali pa kusimama. Wauguzi walikuja na sare zao, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao. Safu yetu nzima ya Kariokor ilifunga vibanda. Kutoka Majengo walikuja jamaa wa Kibibi, wanawake kumi na wawili waliopendeza, na wao ndio walioanza vigelegele. Walioshindwa kuingia waliwekewa spika dirishani.

Profesa alikuja. Alisimama nyuma, mikono kifuani, akasikiliza nyimbo tatu. Baada ya wa nne akapita katikati ya watu hadi mbele, na ukumbi ukatulia kwa sababu wengi walimjua na walijua yaliyopita.

"Dada Kavinya," akasema bila maikrofoni, "nilikosea. Nimekuja kulisema hapa penye watu. Ukiniruhusu, siku moja ningependa kuimba na wewe."

Kavinya alimpa mkono. "Karibu, kaka. Ila nitakuambia mimi uingie lini na utoke lini."

Ukumbi uliangua kicheko, na Profesa mwenyewe akacheka kuliko wote. Kisha Kavinya akatugeukia, akahesabu kwa mguu, tukaingia wimbo wa tano. Siku ile aliupiga dakika kumi na nne. Ndindi, aliyekuwa amesafiri kutoka Machakos na madaftari ya wanafunzi ndani ya mfuko, alimshika mkono mama mmoja asiyemjua akawa anamwambia, "Huyo ni mama yangu. Huyo ni mama yangu."

Tangu hapo stesheni mbili za redio zinaupiga wimbo huo karibu kila siku. Mwezi wa Februari tulialikwa kwenye tamasha la jazi Kampala, sote watano pamoja na Carolyne, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango lilikuwa la Kavinya Munyao, chini yake neno moja tu: saksafoni. Watu wa huko walisimama kwenye viti.

Bado ni karani wa masjala. Anasema wagonjwa wanahitaji mafaili yao na hakuna mwingine anayejua yalipo. Wanafunzi wawili wa kike wa Jericho humjia nyumbani kila Jumapili kujifunza, kwa zamu, na majirani wamezoea. Daftari limejaa, amenunua jingine, na nyimbo kumi mpya ziko tayari. Carolyne ametupangia Jumamosi tano za mwezi ujao. Nimeshaibadilisha ngozi ya tari langu.